Kifungu cha Babu

Fildi ya kufundisha imeisha salama, nimerudi kampasi na vumbi jekundu la Maramba bado liko kwenye viatu. Leo sileti stori za bumu wala za foleni ya kafteria. Leo ni historia, tena ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye chai yake aimimine kabisa.

Mada yenyewe ilianza kwenye semina kabla hatujaenda fildi. Tulipewa Katiba ya Marekani tuilinganishe na ya kwetu, basi ukumbi ukawaka. Jamaa mmoja akasema wale wenzetu wameshamaliza: kule ukizaliwa tu wewe ni raia, na haki zako ni sawa na za mtu yeyote. Mwingine akamjibu kuwa usawa wenyewe uko huku, maana Nyerere alizika mambo ya rangi tangu 1961. Wakabishana mpaka muda ukaisha.

Mimi naona wote wawili walisoma sheria tu. Sheria zote mbili ni nzuri, sibishi. Ila ukitaka kujua kama raia wa nchi fulani ni sawa kweli, tazama nani anaambiwa athibitishe kuwa ni raia, na nani hajawahi kuulizwa maisha yake yote. Hapo ndo utaona. Twende taratibu.

MAREKANI: SENTENSI ILIYOTOKA KWENYE VITA

Katiba ya Marekani iliandikwa 1787, na kwa miaka mingi haikusema raia ni nani hasa. Wakati huo mamilioni ya watu weusi walikuwa watumwa. Mtumwa mmoja, Dred Scott, alikuwa amekaa na bwana wake kwenye maeneo ambayo utumwa haukuruhusiwa, akafungua kesi kudai uhuru wake. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, ikamwambia hana hata haki ya kufungua kesi ile, kwa sababu mtu mweusi wa asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Duh! Yaani hata yule aliyezaliwa huru, baba yake huru, analipa kodi, naye si raia.

Miaka minne baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Vilipoisha 1865 utumwa ukafutwa, na Julai 1868 Marekebisho ya 14 ya Katiba yakapitishwa. Kwa maneno yangu yanasema hivi: kila aliyezaliwa Marekani au aliyepewa uraia huko, na yuko chini ya mamlaka ya nchi hiyo, ni raia, na hakuna jimbo lenye ruhusa ya kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Waliandika hivyo makusudi ili mahakama isije tena kumwambia mtu kuwa rangi yake ndo inamtoa.

Sentensi hiyo ina nguvu kweli. Kuna kijana wa Kichina, Wong Kim Ark, alizaliwa San Francisco. Akaenda China kusalimia, aliporudi 1895 wakamzuia asishuke, wakisema yeye si raia kwa sababu wazazi wake ni Wachina. Kesi ikafika juu kabisa, na 1898 akashinda. Umezaliwa hapa, wewe ni wa hapa, basi.

Mwaka huohuo wa 1898, jimbo la Louisiana likatunga kitu kingine. Wanaume weusi walikuwa wameshapewa haki ya kupiga kura tangu 1870, kwa hiyo huwezi kuwakataza kwa jina la rangi. Wakafanyaje? Wakaweka masharti: mpiga kura athibitishe kuwa anajua kusoma na kuandika, au ana mali. Tatizo likawa kwamba hata wazungu maskini walikuwa hawajui kusoma. Basi wakawatengenezea mlango wa uani: kama baba yako au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867, wewe pita tu, huna haja ya mtihani. Na mwaka 1867, siku ya kwanza ya Januari, babu wa mtu mweusi wa Louisiana alikuwa na haki gani ya kura? Hana.

Kikaitwa kifungu cha babu. Majimbo mengine nayo yakaiga. Mahakama ilikuja kukifuta 1915 katika kesi iliyotoka Oklahoma, lakini mitihani ya kusoma iliendelea kuwatesa watu weusi wa kusini hadi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Hesabu mwenyewe: 1868 hadi 1965 ni miaka 97. Na Wahindi Wekundu, wenyeji wa ardhi ile, wote walikuja kutambuliwa kuwa raia 1924.

Nakiheshimu sana kile kifungu cha babu kama somo. Ukikisoma hakitaji rangi mahali popote. Kila mtu anaulizwa swali lilelile. Ila aliyekitunga alikuwa anajua tangu mwanzo nani ana jibu na nani hana.

TANGANYIKA, OKTOBA 1961

Tuje nyumbani. Wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Pendekezo la serikali lilikuwa hivi: siku ya Uhuru, mtu aliyezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika anakuwa raia moja kwa moja, awe Mwafrika, Mhindi, Mwarabu au Mzungu. Kuna wengine ambao hawakukidhi hilo lakini wanaishi hapa, hao wakapewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa.

Baadhi ya wabunge, tena wa TANU yenyewe, wakapinga. Walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza. Na tusiwacheke, walikuwa na hoja. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukoloni ambao mshahara, shule, hospitali na hata kiti cha kukalia vilipangwa kwa rangi. Ukitembea Tanga mjini enzi hizo ulikuwa unajua kwa macho tu mtaa huu wa nani na ule wa nani. Mtu aliyekuwa chini miaka yote hiyo akisikia kesho wote mko sawa, lazima aulize: sawa kuanzia wapi?

Nyerere alisimama akakasirika kwelikweli. Hoja yake ilikuwa kwamba uraia unatokana na utii wa mtu kwa nchi, na ukishaufungisha ndoa na rangi ya ngozi utakuwa unafuata njia ya Hitler na ya makaburu wa Afrika Kusini. Akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu muswada ukikataliwa. Muswada ukapita.

Ukilinganisha na Marekani, sisi tulifika pale pa 1868 bila vita. Hilo tujivunie. Lakini karatasi na maisha havikwenda pamoja hata huku. Baada ya Uhuru kazi za serikali zilitolewa kwanza kwa Waafrika, na raia wasio Waafrika wakasubiri. Ilikuwa Januari 1964 ndo Nyerere akatangaza kuwa ubaguzi huo kati ya raia na raia basi. Na orodha ya haki za binadamu haikuwemo kwenye katiba ya Uhuru. Iliingizwa kwenye Katiba ya 1977 kwa mabadiliko ya 1984, na mahakama zikaanza kuisimamia 1988. Nendeni mkasome Ibara ya 13. Inasema watu ni sawa mbele ya sheria, na inapoeleza ubaguzi ni nini inataja kabila, rangi, dini, na pia mahali mtu alipotokea. Hayo maneno ya mwisho yakumbukeni, tutayahitaji.

SASA NJOO MARAMBA

Kwa ambao hamjafika, Maramba iko wilaya ya Mkinga, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Muheza. Milima ya Usambara iko hapo mgongoni, mbele unateremkia pwani, na mpaka wa Kenya pale Horohoro si mbali. Utakuta Wadigo, Wasambaa, Wabondei, na watu ambao asili zao ni mbali kabisa. Hao wa mbali wengi waliletwa na mkonge.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta 1893 kutoka Florida, huko huko Marekani. Miche ilikuwa 1,000, ikafika hai 62, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mashamba yakawa na njaa ya watu. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo cha kukusanya vibarua, SILABU, kikawa kinawasomba kutoka bara na hata Ruanda-Urundi. Wengine walikuja kwa miguu yao kutoka Msumbiji wakikimbia kazi za kulazimishwa za Mreno. Hao wote ndo tunaowaita manamba. Walipewa kipande, kadi ya kazi ya siku 30, na kazi ilikuwa kukata majani shambani au kusimama korona. (Korona ni mashine ya kusaga mkonge, watoto wa Tanga tulilijua neno hilo kabla ya ugonjwa.)

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alikata mkonge Tanga, akaoa Tanga, akazeeka na kuzikwa Maramba. Baba alizaliwa kambini 1964. Mama ni Mdigo, na ukoo wake ulikuwa pale kabla Mjerumani hajachora mpaka.

Hebu sasa irudie ile sheria ya 1961 na umweke babu ndani yake. Amezaliwa Msumbiji, wazazi wake Msumbiji. Moja kwa moja hapati. Inabidi aombe. Kelele zote za bungeni zilihusu Wahindi na Wazungu, lakini sheria isiyotazama rangi haimtazami rangi hata Mwafrika. Yule mwenye duka Tanga mjini, ambaye baba yake alizaliwa hapohapo, alikuwa raia siku ya Uhuru usiku wa manane. Babu, mweusi tititi, aliyekata majani yaliyokuwa yanalipia bajeti ya nchi, hakuwa.

Silalamiki hapo. Nikikubali kwamba rangi isimfukuze mwenye duka, lazima nikubali kwamba rangi pekee isimwingize babu. Hiyo ndo maana ya kanuni, inakubana na wewe. Ninachouliza ni kuhusu ule mlango wa kuomba. Kibarua anayeishi kambini, hajui kusoma, ana kipande tu mfukoni, nani alimwambia kuna fomu, na iko ofisi gani?

Baba na mimi tumezaliwa hapahapa. Lakini nilipokwenda kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi zangu, jina la ukoo likasomwa, kalamu ikasimama. "Mmakonde wa wapi, wa Newala au wa Msumbiji?" Nikaambiwa nilete uthibitisho wa alikozaliwa babu. Nilikuwa kwenye foleni na rafiki yangu Msambaa tuliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Yeye alitumia dakika kumi. Mimi nilizungushwa miezi minne, mara mwenyekiti wa kitongoji, mara wazee wawili wa kunitambua. Mwishowe nilipata, na simtaji mtu. Ila niliposoma kile kifungu cha Louisiana nilicheka peke yangu maktaba mpaka watu wakanigeukia. Babu tena!

Mkuu, hata sheria yenyewe ina utata hapo. Sheria ya Uraia ya 1995 ukiisoma kwa macho yako inasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano ni raia tangu kuzaliwa, ikitoa watu wachache kama watoto wa mabalozi. Ni karibu na Marekani kabisa. Lakini kwa vitendo inataka mzazi mmoja awe raia, na ili ujue mzazi ni raia lazima umuulize babu.

WAZIGUA, UKOO MMOJA MILANGO MIWILI

Kuna kisa kimoja kutoka mkoani kwetu kinachounganisha haya yote, na sijui kwa nini hakifundishwi zaidi. Karne ya 19, Wazigua wa upande wa Handeni walichukuliwa utumwani hadi pwani ya Somalia. Wakalimishwa mashamba ya mto Shebelle. Wengi wakatoroka wakaenda kuanzisha vijiji kando ya mto Juba, na wakashika Kizigua chao kizazi hadi kizazi. Huko Somalia walihesabiwa raia kwa jina, lakini hawakuoana na wenyeji, walidharauliwa, na vita vilipoanza 1991 hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda. Wakaporwa, wakakimbia.

Wengine walikuja na majahazi mpaka Tanga. Wakapelekwa kambi ya Mkuyu, Handeni, baadaye mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wakapewa ardhi walime. Walikuwa karibu watu 3,000. Wakiongea, wenyeji wa Handeni wanawaelewa. Serikali ikawafungulia mlango wa uraia, na moja ya sababu ilikuwa hiyohiyo: babu zenu walitoka hapa.

Wenzao walikimbilia kambi za Kenya. Waliomba warudi Tanzania, haikuwezekana, Msumbiji nayo ikashindikana. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwachukua, na kuanzia 2003 zaidi ya 12,000 wakapandishwa ndege. Leo wako Ohio, Utah, Vermont, wengine mji baridi wa Lewiston, Maine. Huko mtu mzima anakaa miaka mitano, anafanya mtihani kuhusu serikali na historia, anakula kiapo. Mtoto anayezaliwa Lewiston hafanyi chochote. Ni raia siku hiyohiyo, kwa ile sentensi ya 1868 iliyoandikwa kwa ajili ya watoto wa watumwa wengine kabisa. Wajukuu wa watu waliouzwa kutoka Handeni wanakingwa na sheria iliyotokana na watu waliouzwa kwenda Virginia. Mimi hapo husisimka.

Sasa angalieni. Wa Chogo walisaidiwa na babu. Wa Lewiston hawakuulizwa babu. Lakini je, huko Lewiston hawaulizwi wametoka wapi wakiomba kazi au nyumba? Na sentensi yenyewe haijaacha kugombaniwa: Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwatoa watoto ambao wazazi wao hawana kibali au wana viza za muda, na majaji wakaizuia. Karatasi inahitaji mlinzi kila kizazi.

Na sisi tusijidharau. Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, watu takriban 162,000, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Hao hawakuwa na babu wa Handeni. Waliishi hapa, wakalima hapa, wakazaa hapa, ikatosha. Na hapo jirani, ukivuka Horohoro kuingia Kwale, kuna Wamakonde wenzake babu waliokwenda kwenye mkonge na miwa ya Kenya. Waliishi miaka themanini bila kitambulisho. Oktoba 2016 wakaanza safari ya miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa. Wapemba wa pwani ya Kenya wakafuata 2023. Kwa hiyo milango hufunguka. Ila angalieni nani alitembea kwa miguu.

NINACHOSHIKA MIMI

Siku moja fildi, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliniuliza, "Madamu, mtu akishapata uraia anaweza kuulizwa tena?" Nilimjibu kwamba kuulizwa anaweza, nchi yoyote ina haki ya kuwajua watu wake, hasa ya mpakani. Ila swali liwe lilelile kwa wote, na jibu likishatolewa liishe. Lisimfuate mtoto, kisha mjukuu, kila anapotaka shule, mkopo au laini ya simu.

Ndivyo ninavyoielewa Ibara ya 13 na ndivyo ninavyoielewa 1868. Kuwa raia sawa na mwenzako maana yake ni kwamba "unatoka wapi" inabaki kuwa salamu tu, kama tunavyosalimiana kwenye basi la Tanga, na haina nguvu ya kukunyang'anya kitu. Mkonge ulitoka Florida na hakuna anayeuliza. Umeota, umezaa, unaitwa mkonge wa Tanga.

Wengi wetu humu tunakwenda kuwa walimu, na wengine mtaishia kukaa upande wa pili wa lile dirisha, mmeshika kalamu. Siku jina geni likija mbele yako, kabla hujamwuliza habari za babu yake, jiulize kwanza kama aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ulimwuliza.

Nawasilisha. Mabishano yaendelee, ila kwa heshima jamani.